Dakika Saba

Banda la video la Shekuwe, kule Langoni,
lilikuwa na sheria moja, imeandikwa ukutani kwa makaa:
asiye na shilingi kumi ataona dakika saba.
Zikitimia, tochi usoni, mkono kwenye kola.

Nimeona mianzo mia mbili.
Mwisho, hakuna hata mmoja.

Mwanamume ananawa mikono kwenye sinki.
Maji yanatiririka safi. Bado ananawa.
Simu inalia katika nyumba isiyo na kiti wala mkeka,
hapana wa kuipokea, ila kamera inaisogelea
taratibu, kama paka aliyesikia kitu nyuma ya mtungi.
Majina ya waigizaji yanakuja herufi moja moja
kana kwamba anayeyaandika anachungulia begani.
Kisha muziki unakatika,
na hapo ndipo sote tulipokuwa tukishikana mikono.
Kiatu cha mtoto, katikati ya barabara.
Kwa nini kimoja?

"Haya, makombo, nje!"

Nilitoka na swali mfukoni, mahali pa ile shilingi kumi.
Njia ya nyumbani ilikuwa filamu ile ile bila umeme:
uchochoro unapinda kabla hujaujua,
kuta zimebanana, mimi na punda tulazimike kupatana nani apite.
Tone la maji, tuk.
Kimya kirefu kuliko haki yake.
Tuk.
Bawaba inalia. Anafungua, au anafunga?
Kwenye daka la akina Mwanaesha sigara inawaka,
mvutaji hayupo.
Nikahesabu hatua zangu.
Zilikuwa nyingi kuliko miguu yangu.
"Ndoo ndani," sauti ya mama, "una nini weye?"

Kaka yangu Athumani alikuwa na shilingi kumi kila Ijumaa.
Nilimbembeleza kitandani: nani aliyempigia simu?
"Shemeji yake. Walikuwa wakigombea shamba."
Shamba! Nikajuta kuuliza.
Usiku kucha nilikuwa nimemwekea simu ile
mtu asiye na uso.

Halafu alfajiri moja, nyumbani kwetu:

Redio imefunguliwa, sauti ya chini, idhaa imepotea.
Chai ya maziwa imefunga utando kikombeni.
Komeo limetiwa kwa ndani.
Malapa ya Athumani kizingitini, yameelekea nje.
Ameondoka na viatu gani?

Ni miaka kumi na mmoja.
Mtaa mzima una mwisho wake wa kuniuzia:
wa Bajuri wanasema mwanamke, tena Mombasa;
muuza maji anasema gari lisilo na namba;
shangazi anasema dhahabu, anataja na nchi.
Nawasikiliza. Nawaamkia. Nakwenda zangu.

Banda la Shekuwe sasa ni duka la vocha.
Juzi nilisimama mbele yake na noti ya elfu,
kijana akaniuliza nataka mtandao gani.

Nyumbani, mama hufagia kila asubuhi,
kutoka sebuleni hadi mlangoni.
Akifika kwenye yale malapa
ufagio unatua,
unayazunguka.