Mifuko

Jumamosi nilimwaga kabati zima kitandani
nikahesabu, kama karani nilivyo:
magauni kumi na moja, sketi tisa,
blauzi nikaziacha njiani, hesabu imenishinda.
Na jana tu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
nilisimama papa hapa na taulo
nikisema sina cha kuvaa.

Basi nikaiuliza kila nguo: wewe, nani alikuleta?

Hii ya zambarau ni harusi ya Mical.
Kamati ilisema zambarau, nikatoa elfu tatu na mia tano,
nikaivaa saa sita, mshipi ukinikaba,
na Mical mwenyewe sasa yuko Eldoret, peke yake.
Hii ya chungwa ni ya kwaya.
Hiki ni cha chama. Chama kilivunjika,
kitenge kikakataa hata kuchuja.
Gauni jeusi alilituma dada Perez kutoka Dallas,
sufi nzito, mikono mirefu, nguo ya theluji,
na mimi niko Nyalenda, Februari,
bati linalia kwa joto.

Halafu fulana za matanga, tatu.
Ya tatu sikuikunja.
Ochola, mdogo wangu, anacheka kifuani,
picha waliikata kwenye sherehe ya mtu,
bega la jirani bado linaonekana.
Mchapaji alikosea tarehe,
akamwongezea siku mbili za kuishi.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Zangu sikuziazima, nimelipia hadi uzi,
mbona basi humo ndani nimekuwa mgeni
anayengoja kuambiwa akae wapi?

Nikageuza bahasha, nikaandika siku yangu ilivyo:
pikipiki, miguu huku na huku, sketi ikipanda.
Ngazi ya chuma, mafaili ya mwaka wa tisini juu kabisa.
Jasho. Saa kumi mvua kutoka ziwani.
Jioni samaki mkono mmoja, mkono wa pili funguo,
simu kwenye sidiria.
Hakuna mstari ulioandikwa zambarau.

Jumapili, Kibuye, Ochanda amefungua belo,
anaimba mia, mia, inama uchague.
Zamani niliinamia bei.
Leo nilivuta mishono, nikanusa kwapa,
nikainua kitambaa juani nione kitasema nini.
Nikaondoka na shati jeupe la kiume
na suruali pana, rangi ya udongo wa Kano ukilowa.
Vitu viwili. Ochanda akanitazama:
“Leo umekuja na macho, madam.”

Dorsila ana cherehani yake Kondele, nyuma ya kinyozi.
Nikampa kitenge cha chama: kitoe gauni,
lisibane, lifike chini ya goti, lipande pikipiki.
“Na mifuko miwili. Mirefu, inifike kifundo cha mkono.”
“Wanawake hawaombi mifuko,” akasema, pini mdomoni,
“huomba kiuno.”
Kiuno ninacho, nikamwambia. Pa kutia mikono ndipo sina.
Akauliza kitambaa cha ndani.
Nikatoa ile fulana.
Aliitandaza mezani, akailainisha kwa kiganja
kama mtu anayempangusa mtoto.
Halafu akauliza swali la fundi:
“Uso utazame wapi?”
Utazame mkononi, nikasema.

Zimebaki saba kwenye kamba.
Za kwaya nimerudisha kwaya.
Gauni la Perez nalo limejirudia kabatini, sijui,
anakuja Desemba, ataliulizia.

Ofisini Aluoch akaniuliza, umepungua?
Nikacheka. Zimepungua nguo.

Saa kumi mvua ikaja kama ilivyoahidi.
Niko chini ya mwavuli wa muuza miwa, nangoja ipungue,
mikono yote miwili imezama.
Kulia: funguo, simu, shilingi arobaini.
Kushoto siweki kitu.
Pana mwenyewe.