Ndoo ya Kutemea

Saa tatu asubuhi, barabara ya Iringa,
wageni saba na mimi mwongozaji,
gari la kukodi, kiyoyozi kinapuliza vumbi.
Agosti. Upepo wa Dodoma unagonga vioo
kama mdai aliyeamka mapema.

Nilikuwa nimekariri karatasi usiku kucha:
mvinyo una pua, mvinyo una mwili,
mvinyo una miguu, huteremka taratibu kwenye glasi.
Nikajiuliza kama una mama.

Bwana Kimambo, mstaafu wa benki, na mkewe.
Madaktari wawili wa Mwanza, ndoa yao ina siku kumi.
Na dada watatu wa Tanga
ambao kicheko chao kilipanda garini kabla yao.

Mpunguzi. Kiwanda kidogo, sakafu ya saruji yenye baridi.
"Zungusheni," nikasema. "Nuseni. Sasa onjeni.
Si lazima kumeza. Ndoo ile pale."

Wakatema.
Wakatema kwa adabu, viganja mdomoni,
wekundu ukianguka kwenye plastiki ya bluu
kwa sauti ileile ya maziwa ya kwanza
yakigonga kibuyu kitupu.

Mlangoni alisimama Mama Mbeleje,
ekari moja na robo, mabomba ya matone ya mkopo,
nyufa za visigino zimejaa udongo wa shambani.
Aliitazama ndoo
kama unavyotazama bomba lililoachwa wazi
na mwenye nyumba hayupo.

"Mbukwenyi," akasema mwishowe. "Chakula tayari."

Ugali wa uwele, rangi ya jivu la jana.
Mlenda uliokaushwa tangu masika:
kila kidole kinatoka na uzi wake,
kila mgeni anajifunza kuukata kwa kuzungusha mkono.
(Hapo nao wakazungusha, bila mimi kusema.)
Karanga za kutwanga. Mbuzi wa chumvi tu.
Bwana Kimambo aliulizia kijiko,
akaletewa maji ya kunawa.
Hakuna aliyetema.

Daktari Nyanjige ndiye aliyemimina,
akamsogezea mwenye shamba glasi.
"Mimi naijua ya kikombe cha Jumapili," mama akasema,
"funda moja, na mchungaji hakiachii kikombe
asije mtu akatubu kupita kiasi."

Hakuzungusha. Hakunusa.
Alifumba mdomo, akakaa nayo
muda wa kutosha mbuzi kuvuka uwanja.
Mimi kalamu mkononi, nasubiri pua, nasubiri mwili.

"Hii ni ya mstari wa chini, kwenye kichuguu.
Mwaka ule mnunuzi alichelewa siku tisa.
Nyuki wakala. Ndege wakala.
Watoto wakala mpaka matumbo yakawauma.
Zilizobaki mtini zikawa tamu kwa hasira."

Nikaigeuza karatasi,
nikaandika upande usio na kitu: *tamu kwa hasira.*
Mke wa Kimambo akarudia glasi yake,
akanywa tena, polepole,
na safari hii akameza.

Jua lilipolalia upande wa Matumbulu
wageni walikuwa wanafunga chupa kwenye magazeti,
wakibishana ipi ya nani.
Mama Mbeleje alinivuta pembeni.
"Zile tupu, mtaniachia?"
Za mafuta ya alizeti. Kijani hukinga jua.
Nikamhesabia kumi na moja.

Nilipoikumbuka ndoo haikuwepo.
Nilimkuta mstari wa chini, ameinama,
anaimimina kwenye shina la mwisho,
kidogo, anangoja udongo unywe, kidogo tena.
"Hata mate ya wageni ni maji," akasema
bila kugeuka.

Kisha akaisuuza kwa kiganja kimoja cha maji,
akaiinua juu ikakutana na mwanga,
akauliza kama na hii
inahesabika miongoni mwa zile tupu.