Pipa la Nyuma ya Nyumba

Hapa Majengo mvua haikai.
Jiwe jeusi la Goma huinywa kama mlevi,
dakika kumi baada ya radi unatembea pakavu.
Basi mbu wetu hawakuzaliwa na ardhi.
Wamezaliwa na sisi.

Nilisema hivyo kwa sauti, Jumamosi ya salongo,
kidole kikimwelekea Paluku, fundi wa matairi:
"Kila tairi hapo ni chumba cha uzazi!"
Katembo, mwanangu wa nne, alikuwa mgongoni,
homa ya tatu tangu mahindi yaote,
shavu lake likinichoma kama mfuniko wa chungu.

Paluku hakujibu. Aliinua tairi moja, la pili, la kumi.
Halikutoka hata tone.
"Nayatoboa," akasema, "chini, kwa msumari wa moto."

Nikarudi kwangu nimebeba mtoto na aibu.
Nikapindua bakuli la kuku,
kopo la rangi,
buti la mume wangu lililobaki peke yake.
Mwisho nikafika kwenye pipa.

Pipa lile siligusi.
Nalijaza tangu usiku mlima ulipopasuka,
tulipokwenda Sake kwa miguu, godoro kichwani,
na tuliporudi mabomba yakakohoa upepo tu.
Niliapa: kwangu hatalia tena mtu kwa kiu.

Nikainama.
Viluwiluwi, mamia,
vikijikunja na kujikunjua
kama herufi za mtu anayejifunza kuandika
jina langu.

Kumwaga, mkono ulikataa.
Nikayahamisha ndoo kwa ndoo, nikiyachuja kwa kitenge,
nikasugua kuta kwa mchanga mweusi mpaka kucha zikauma,
nikayarudisha.
Juu nikatanda chandarua kilichochanika,
nilichozungushia vifaranga; nikakikunja mara nne,
tundu likafunika tundu.
Kamba ikakosekana.

Paluku akaja bila kuitwa,
na utepe wa mpira wa ndani.
Akauzungusha mara mbili, akauvuta, akapiga fundo.
"Hata mimi ninalo moja," akasema, "nyuma ya choo.
Mke wangu hajui."

Usiku mbingu ilikuwa nyekundu upande wa mlima, kama kawaida.
Katembo alitoka jasho, akaomba uji.
Mbu mmoja alizunguka nje ya chandarua,
akiuliza, akiuliza.
Nikanyoosha mkono gizani
nikapapasa pindo, upande wa ukutani,
kama limeingia vizuri chini ya godoro.