Mkato

Tartu, saa tisa usiku.
Theluji imeingia mjini bila kubisha hodi,
kahawa imeota utando,
na programu ya magogo imezama tena.

Mchana kutwa hukimbia kama maji mferejini:
malori yanapimwa, uzito unajumlishwa,
kila msonobari unaijua bei yake.
Ikigonga saa tisa, inajikokota
kama mtu aliyekumbuka deni.

Nikamweka mpimaji.
Kazi yake ni moja: mara elfu kwa sekunde
anasukuma mlango ghafla na kuuliza,
Nani yuko kazini?
Hasikilizi hadithi. Anaandika jina, anafunga mlango.
Atakayekutwa mara nyingi ndiye mla saa.

Majibu yakaja:
      haijulikani
      haijulikani
      7f3a91c0
      haijulikani

Tarmo, aliyejilaza juu ya makoti mawili,
akafungua jicho moja.
"Ulitegemea nini? Hao wamezaliwa usiku huuhuu.
Nani amewapa majina?"

Kweli, nani?
Lugha yetu haimuulizi mgeni kabila:
namba ipite, neno lipite, karibuni nyote.
Mkalimani husoma mstari, hutenda, husoma mstari,
mpaka mzunguko mmoja urudiwe, urudiwe, upate moto.
Hapo mhunzi huamka ndani ya kumbukumbu,
na kwa kuwa udongo huwahiwa ungali maji,
hufua msimbo wa mashine papo kwa papo,
akiapa kwa alichokwisha kukiona:
Hapa hupita namba tu.
Mlangoni humweka bawabu mwenye swali moja.
Ndiyo njia ya mkato. Haina kibao.

Basi nikamfundisha mhunzi kuandika vizazi:
kila unachokifua, sema kinaanzia wapi,
kina urefu gani, kimetoka mstari upi wa mwandiko wangu.
Daftari lenyewe likala wakati,
maana mpimaji naye ni mgeni, na mgeni hula.
Lakini saa kumi kasoro robo
mnara mrefu kuliko yote ukapata jina:
*jumlisha_uzito*.
Unafuliwa, unatupwa.
Unafuliwa, unatupwa.
Bawabu anakataa, kazi inarudi kwa mkalimani
na miwani yake na kidole chake juu ya kila herufi.

Aliyegombana na bawabu alikuwa mizani ya Võru,
ile ya zamu ya usiku. Nikapiga simu.
Aare Kõivupuu, mpima magogo,
sauti ya mtu mwenye mkate mdomoni.
"Kumi na mbili na nusu unaiandikaje?"
"Kumi na mbili, mkato, tano.
Tangu darasa la pili.
Mwalimu Helju alitufinya masikio mpaka tukashika."

Mkato. Kidoa chenye mkia.
Mashine yangu inataka nukta;
ikiuona mkia ule, namba inageuka neno,
na kiapo chote cha mhunzi kinavunjika.

Ningemwambia amekosea?
Mkato ni wa nchi hii, umo hata kwenye bei ya maziwa.
Nukta yangu ndiyo iliyokuja na sanduku.
Sikumwambia kitu. Nikaongeza mstari mmoja langoni,
unaopokea mkia na kutoa nukta,
bawabu akasinzia,
na mnara ukashuka kama mkate uliofunguliwa tanuri mapema.

Chini kabisa bado kuna kijiti, asilimia mbili,
haijulikani. Tarmo akakung'uta makoti.
"Kiache. Nacho kina mama yake."

Ila kabla Aare hajakata simu, aliniuliza,
"Na wewe, unayeamsha watu kwa ajili ya mkato, ni nani?"
Liivika, nikasema.
Akalirudia polepole, silabi kwa silabi,
na nikasikia kalamu.