Palipokatika

Baba alikuwa muungaji.
Miaka thelathini na mmoja, kiwanda cha mkonge, zamu ya usiku,
singa zikimpita viganjani mbio,
na uzi ulipokatika hakuutazama:
gumba lilijua, shahada ikafuata,
fundo likakaza kabla msimamizi hajageuza shingo.

Sasa kinofu kati ya gumba na shahada kimebonyea
kama godoro la wageni.
Kifungo cha shati kinamshinda.
Chumbageni wamesema zongo, wamesema kijicho.
Shangazi Mwanahija akaleta kombe la zafarani;
baba akanywa, akashukuru,
kikombe kikamponyoka.

Damu nilimtoa mimi, bintiye, pale Bombo.
Mirija kumi na mmoja: wake, wangu, ya ndugu wa Muheza,
na wa binamu Sechonge wa Pangani
aliyekunja mkono wa shati akaniambia,
"Chukua. Ila jibu usiniletee."
Nikaandika hivyohivyo kwenye fomu.

Tulichosoma ni kamba.
Nyuzi mbili zilizosokotana, herufi bilioni tatu,
na mahali pamoja, katika sampuli tatu,
herufi moja imekalia kiti kisicho chake.
Basi protini inakunjwa kombo,
inarundikana ndani ya seli ya neva
kama takataka za singa chini ya mashine,
na seli inakufa.
Haitoi hata harufu ya kuungua.

Majina yamefichwa kwa namba.
Namba nne ni baba; ugonjwa umeshamtaja.
Saba na tisa sijauliza.

Nilimweleza usiku, umeme umekatika.
"Na dawa?"
Dawa hatuna, nikasema. Tuna anwani.
Tumejua mlango wa kubisha,
jeni ya kunyamazishwa, na wapo wanaojaribu,
ila itachukua miaka, baba, na miaka—
Hapo nikameza mate.

Akacheka, kile kicheko chake cha siku hizi, kilicholegea upande.
Maneno yakatoka yamelowa, moja moja:
"Uzi… hauungwi… kwa kubahatisha.
Papasa kwanza… palipokatika."

Kisha akaniomba nimfunge kifungo cha shingo,
maana baridi ya Julai ilikuwa inaingia dirishani.
Nikafunga. Kilinichukua muda kuliko kawaida,
au giza tu.
Nikaubana mkono wangu wa kulia, kati ya gumba na shahada,
nikapapasa.