Kamba Hii, Kamba Huyu

Kamba hii ni ya katani, juu yake mwani unakauka,
umeanikwa ovyo kama nguo za watoto wengi.
Kamba huyu yuko bwawani, macho juu ya vijiti,
damu yake buluu, nyepesi
kama maji ya kusuuzia shati la shule.
Nami, Mbodze wa Ngomeni, nipo kati ya kamba na kamba,
mikono yangu inanuka vyote viwili.

Mvua ilinyesha bara, si kwetu.
Sisi tuliletewa tope.
Sabaki uliingia baharini rangi ya chai ya maziwa,
ukapanda na mkondo hadi mlangoni mwa mfereji,
chumvi ikashuka, hewa ikapungua majini,
alfajiri kamba wakaelea juu
wakipapasa kwa masharubu.

Mwaka juzi, asubuhi kama hii, niliwazoa kwa koleo.
Sikulia. Nilihesabu.
Nilipofika elfu tatu nikaacha kuhesabu.

Kamba hana kumbukumbu ya maradhi.
Akipona leo, kesho adui yuleyule atabisha hodi
naye atamkaribisha kama mgeni.
Huwezi kumchanja.
Unaweza kumlisha tu.

Basi nilitokosa mwani kwa moto mdogo,
nikauchuja kwa leso iliyofutika maandishi
(limebaki USINI, sijui usini nini),
nikauchanganya na chakula chao,
unga wa muhogo ukaushika.
Shemeji yangu Kahaso akacheka ukingoni:
“Sasa unawapikia mboga?”

Siku kumi na nne kabla ya masika.
Bwawa la kwanza nililipa, la pili nikalinyima.
Nilitaka kujua,
na kujua kuna gharama: usiku nilisikia la pili
likinililia njaa isiyokuwepo.

Tope lilipopita tulizoa.
La pili, ndoo tisa.
La kwanza, ndoo mbili na nusu,
na hao wa ndoo mbili na nusu nao walikuwa wangu.

Maji hayakusafika. Mwani haugombani na mto.
Wale wadogo walisimama tu
ndani ya maji mabaya, mpaka yakapita.

Leo nimeanua. Kamba ya katani iko tupu.
Kahaso amekuja na gunia begani,
la mboga hakulitaja.
Amechuchumaa karibu na mafiga, ameyatazama,
kisha ameuliza, kwa sauti ya chini:
“Moto mdogo, mdogo kiasi gani?”