Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa tatu na robo,
sala fupi, chai ndefu,
ajenda moja: kuchagua mbinu ya kuboresha kazi
na kuipa jina.
Nilikaa mwisho wa meza na daftari la mihtasari.
Nje, matanuri ya Uvinza yanafuka,
maji ya chumvi yanachemka kama yalivyochemka
kabla reli haijafika.

Mshauri katoka Dodoma kwa treni, macho mekundu,
projekta kaipakata kama kichanga.
Akatutandikia majina ukutani:
Kaizeni, Esi Tano, Sigma Sita, Konda.
Kila jina lina mishale,
kila mshale unarudi ulikotoka.

Mhasibu Ntiruhungwa akasema Sigma Sita ni ya matajiri,
tuanze na Sigma Mbili, bajeti ikiruhusu.
Mkuu wa stoo akasimama kwa Konda:
"Hiyo tumeshaitekeleza. Tumekonda tangu Januari,
mishahara ilipochelewa."
Kaizeni ikaangushwa kwa kura tano kwa nne.
Afisa utumishi akataka jina la kwetu, lenye uzito,
na uzito ukatafutwa, neno juu ya neno,
mpaka saa sita kasorobo:
Mpango Unganishi wa Maboresho Endelevu.

Makofi.
Nikaandika herufi za mwanzo pambizoni,
nikazisoma,
nikazifunika kwa kiganja.
Karani haulizwi.

Yakabaki mengineyo.
Mengineyo ndipo pa choo kilichoziba, pa rambirambi,
na pa Bi Nyanzira wa mashine ya kushona magunia,
aliyesimama mlangoni na chumvi kwenye nyusi.
Akasema uzi ukikatika huchora mstari wa mkaa ukutani.
Mwezi wa nne huu.
Mistari ya asubuhi ni ya kuhesabu kwa vidole,
ya alasiri imesongamana kama nywele za mswaki.
Alasiri hushona chumvi ya tanuri la pili, ingali moto;
gunia linatoka jasho, uzi unalewa.
Basi kamwambia Bukuru aliache gunia likae,
mpaka ukiliwekea shavu lisikuchome.
Akanyamaza.

"Na mbinu hiyo inaitwaje?"
mshauri akauliza, kalamu tayari.
Akatazamwa kama mtu aliyeuliza
kupenga kamasi kunaitwaje kitaalamu.
"Haiitwi. Inafanywa."
"Imepokelewa," akasema Meneja Gwasa.
Nikaandika: imepokelewa.
Kuku akaletwa.

Jumatatu fundi rangi akataka ukuta mpana,
usio na dirisha, unaoonekana tangu getini.
Upo mmoja tu.
Chokaa mikono miwili, kisha buluu,
herufi nne, kila moja kimo cha mtoto wa chekechea:
MUME.

Wafungashaji walicheka wakashikana mabega.
"Tumeolewa, jamani, na mahari hatujaiona!"
Bi Nyanzira alipitisha kidole kwenye chokaa, taratibu,
pale ilipokuwa Machi, pale ilipokuwa Aprili.
"Mume gani huyu,
kaingia tu, kafuta hesabu."

Siku hiyo magunia hayakukaa.
Mpango una lengo: mia sita kwa siku.
Saa tisa na nusu uzi ukakatika.
Nilikuwepo, nimetumwa kupiga picha ya jina
kwa ajili ya ripoti.
Akainama kwenye kopo la maziwa anamoweka mkaa,
akachora mstari mmoja chini ya mguu wa E,
juu ya chokaa ambayo haijakauka vizuri.
"Utatokea kwenye picha," nikamwambia.
"Piga," akasema, akitunga uzi upya,
"usinisimamie kwenye mwanga."

Dodoma wamejibu.
Wameipenda rangi. Wanauliza ule mstari mweusi
ni sehemu ya jina, au ni nini.
Barua nimeiweka kwenye ajenda ya mwezi ujao,
chini kabisa,
kwenye mengineyo.